Hamira iliyoweza pale bakteria waliposhindwa

Leo naweka kompyuta kando, ingawa si mbali sana. Tuzungumze kuhusu hamira, hii hii ya mkate, na jinsi ilivyokuja kutengeneza chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na ilitoka kwenye damu ya watu! Aliyeambukizwa huwa na vijipira vingi damuni, maganda matupu ya virusi yasiyoweza kuambukiza. Kampuni ya Merck ilivitenga, ikavisafisha kwa kemikali, ikapata chanjo nzuri tu. Bahati mbaya, mwaka huo huo ndio UKIMWI uliripotiwa mara ya kwanza. Kemikali zile ziliua virusi, lakini nani angetaka kudungwa kitu kilichotoka kwenye damu ya mwingine?

William Rutter wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, alikuwa na jeni ya ganda lile. Nakili, bandika: ndivyo insulini ya binadamu ilivyotengenezwa ndani ya bakteria aina ya E. coli. Kwa jeni hii mambo yalikataa. Protini ilitoka kidogo, tena haikujipanga kuwa vijipira. Waandishi wa programu mnalijua tatizo hili: msimbo ni sahihi, mashine ndiyo siyo.

Hamira ina seli moja tu, lakini seli hiyo ina kiini na tando za ndani kama zetu. Huko Seattle, Benjamin Hall na Gustav Ammerer walikuwa na plasmidi, yaani duara dogo la DNA, yenye swichi ya jeni ambayo hamira huitumia kutengeneza pombe. (Naipenda sana sehemu hii.) Jeni ya ganda ikaunganishwa na swichi hiyo. Mwaka 1982 Pablo Valenzuela, Rutter na wenzao hawa wakatangaza katika jarida la Nature: walipoipasua hamira walikuta vijipira vya nanomita 22 hivi, kama vile vya damuni.

Julai 1986 chanjo ya hamira ya Merck iliidhinishwa Marekani, chanjo ya kwanza ya binadamu kupatikana kwa kuhamisha jeni. Hakuna aliyehitaji tena damu ya mtu.

Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikichanganywa na nyingine kwenye sindano moja. Ukiwa na mtoto, fungua kijitabu chake cha kliniki uangalie wiki ya 6, ya 10 na ya 14.