Zanni, Ojwang' na Kicheko cha Mjini

Waingereza wana neno zany: ucheshi wa vituko visivyo na kichwa wala miguu. Kumbe lilianza kama jina la mtu. Karne ya 16, watu maskini walishuka kutoka milima ya Bergamo, Italia, kwenda Venice kubeba mizigo na kutumikia matajiri. Huko, Giovanni hufupishwa Zanni. Waigizaji wakamweka jukwaani: mtumishi mwenye njaa na lafudhi ya mashambani. Mji ukacheka, jina likawa kivumishi.

Mimi ni wa Ndhiwa, kicheko hicho nakijua. Dholuo haina "sh", kwa hiyo Nairobi ukisema "sida" badala ya "shida", watu hoi. Kwenye Vitimbi, Mzee Ojwang' aliongea kwa lafudhi yetu miaka na miaka. Aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu. Na tulimpenda, bana, hata huku nyumbani.

Lakini Zanni jukwaani mara kwa mara alimzidi bwana wake akili. Neno zany limebeba kicheko tu, likamwacha mtu aliyekuja mjini kutafuta kazi. Ojwang' naye ni jina la watu, si la lafudhi.