Tairi la Theluji Katika Mtaa wa Wapagazi

Nchini mwetu theluji ya kudumu iko mahali pamoja tu, kileleni Kibo, na barabara ya magari haifiki huko. Hata hivyo, katika maduka ya matairi ya mtumba ya Kariakoo na Gerezani, mwendo mfupi wa miguu kutoka bandarini, yanauzwa matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji. Hayajifichi. Ubavuni huwa na neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na uso wake umechanjwa chale nyembamba nyingi zisizoonekana kwenye tairi la kawaida. Muuzaji humwambia mteja kuwa hili ni tairi laini la Kijapani, na kwamba linashika barabara. Hasemi uongo. Linashika kweli, ila linashika Hokkaido mwezi wa Januari.

Ninalichukua tairi hilo kama hati ya kihistoria, kwa sababu linajibu swali ambalo wanahistoria wa uchukuzi hapa nchini tumelipita harakaharaka: gurudumu linapoteleza, ni nani anayelipa?

Wanafunzi wa historia wanivumilie kwa fizikia kidogo. Gari zima, liwe na injini ya nguvu kiasi gani, hugusa barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Kazi yote ya injini, giaboksi, propela shafti na difu huishia hapo. Theluji na tope vina tabia moja: vyote huvunjika na kuhama kabla tairi halijapata pa kusukumia. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Wa tairi la theluji huchanganywa ili ubaki laini, na zile chale huuma theluji na kuondoa utando wa maji juu ya barafu. Sasa lipeleke tairi hilohilo kwenye lami ya Dar es Salaam saa nane mchana. Ulaini uliokuwa sifa unageuka ugonjwa. Vipande vya uso wake hupinda dereva anapokanyaga breki, gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na mpira huliwa upesi.

Na foo wili je? Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Kuendesha magurudumu yote manne husaidia gari kuondoka na kupanda, kwa kuwa nguvu hugawanywa na hakuna gurudumu moja linaloachiwa mzigo wote. Hakusaidii kusimama. Breki hazijui kama gari ni foo wili. Zinajua tairi tu. Dereva wa foo wili huingia kwenye utelezi kwa mwendo ambao mwenye gari la kawaida asingethubutu, kisha hugundua kwenye kona kwamba wote wawili wana mshiko uleule. Nayasema haya nikiyafikiria mashangingi ya ofisi zetu, ambayo mengine hayajawahi kukanyaga tope lolote kubwa kuliko la Jangwani.

Turudi Kariakoo. Kila mtoto wa Dar es Salaam amesikia kwamba jina hili limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, na eneo hili likawa kambi ya wapagazi hao. Tunalolisema kwa nadra ni sababu ya jeshi la kisasa, lenye reli, meli na malori, kuhitaji vichwa na mabega ya watu kwa wingi ule.

Sababu ni utelezi na ndorobo. Jenerali Smuts alipoanza kusonga mbele kutoka upande wa Kilimanjaro mwaka 1916, majeshi yake yalikuwa na magari. Mwezi Aprili kikosi cha Van Deventer kikafika Kondoa Irangi, kisha masika yakafunga njia nyuma yake. Malori ya wakati ule yalikuwa na matairi membamba, na nguvu ya injini ilikwenda magurudumu ya nyuma peke yake. Katika udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba na kunata ukinywa maji, gurudumu huzunguka palepale na kujichimbia kaburi. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliotakiwa kuchukua nafasi ya malori wakafa maelfu kwa maelfu kwa ugonjwa unaoletwa na ndorobo. Kilichobaki ni binadamu. Mguu wa binadamu hauzunguki palepale.

Lakini hesabu ya mpagazi ni hesabu katili. Tuseme mtu anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20 njiani. Askari aliye mbele anapata kilo tano. Ili kumlisha askari mmoja mbali na reli, lazima kuwe na safu ndefu ya watu wanaobebeana chakula chao wenyewe, na kadiri jeshi linavyosonga ndivyo safu inavyorefuka. Ndiyo maana idadi ya wapagazi katika vita vya Afrika Mashariki hutajwa kufikia milioni moja, tukihesabu pande zote. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck nao waliwakamata wanavijiji na kuwatwisha mizigo. Kwa upande wa Waingereza peke yake, waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Risasi iliua wachache.

Pale katikati ya mji, kwenye Barabara ya Samora, imesimama Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, ambayo wazee wa mjini waliiita Bismini. Ni askari mmoja na bunduki yake. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu ni askari, si mpagazi. Kumbukumbu yake iko kilomita chache magharibi, ndani ya jina la soko, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba wanawataja wafu.

Miaka arobaini na tisa baada ya kambi hiyo, utelezi ulirudi tena kama suala la dola. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na shaba yake kusini, ikajikuta imekabwa koo. Njia mojawapo iliyobaki ilikuwa barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi linaloficha lori lililo mbele. Masika ilikuwa sabuni. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta na kushuka na shaba. Magazeti ya Kiingereza yaliiita njia hiyo kwa jina linalofanana na Jehanamu, na madereva hawakuwa na sababu ya kubisha.

Hapo ndipo kazi ya utingo ilipodhihirika ilivyo. Lori lenye shehena lina faida moja kwenye tope: uzito unakaa juu ya ekseli inayosukuma, hivyo tairi linakandamizwa chini na kupata pa kuuma. Lakini uzito huohuo, kwenye mteremko kama wa Kitonga, unageuka adui, kwa kuwa yale matairi yanapaswa kuuzuia. Utingo aliruka chini na kabari mkononi, akakimbia ubavuni mwa gurudumu linalorudi nyuma, akaitupia chini ya tairi. Mwili wake ulikuwa sehemu ya mfumo wa breki. Sijawahi kuona mnara wa utingo popote nchini.

Dola ziliitikia, na hili lazima lisemwe kwa haki. Bomba la TAZAMA la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilianza kazi mwaka 1968. Lami ikatandazwa hadi mpakani. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ikajengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Serikali zilikubali kwamba utelezi ni jukumu la umma. Hazikumwambia dereva anunue tairi bora.

Kando kidogo. Wakati madereva wa malori wakitaabika, mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikuwa zikiigeuza masika yetu kuwa burudani. Kwa miaka mingi wenyeji wa Afrika Mashariki waliwashinda wageni wote, kwa sababu walilijua tope. Mgeni wa kwanza kutoka Ulaya kushinda, mwaka 1972, alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, na baada yake wakaja wengine wa kaskazini, akina Vatanen, Waldegård na Kankkunen. Watu hawa walijifunza kuendesha juu ya theluji na barafu. Wapenzi wa foo wili walizingatie hili pia: Audi, ambayo Quattro yake ilitikisa Ulaya, haikushinda Safari hadi 1987. Kati ya 1984 na 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica zilizosukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Japani nayo ina historia yake ya utelezi, na ndiyo iliyotuletea tairi letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa nchi hiyo, lilihitaji gari dogo la mafundi wake litakalopita kwenye theluji bila ugumu wa jipu la kijeshi. Subaru ikaunda, na mwaka 1972 ikaanza kuuza Leone ya foo wili kwa umma. Baadaye hata magari ya kifamilia ya kawaida yakawa na toleo la foo wili kwa wateja wa mikoa ya theluji. Upande wa matairi, Wajapani walitumia yenye misumari hadi misumari hiyo ikawa inachimba lami na kujaza vumbi katika miji kama Sendai. Wananchi wakalalamikia mapafu yao. Mwaka 1988 Bridgestone ikatoa tairi la Blizzak lisilo na misumari, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuzuia vumbi la matairi ya misumari. Neno STUDLESS tunalolisoma Gerezani, yaani lisilo na misumari, ni matokeo ya ugomvi huo wa raia na tairi. Kwao lilikuwa ushindi wa afya ya umma.

Kwetu lilifika kwa njia nyingine. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na enzi ya Mzee Mwinyi mlango ukafunguka zaidi. Japani huendesha kushoto kama sisi, magari yake ya mtumba yalikuwa nafuu, na yakaja. Yakaja na kila kilichokuwa chini yake, matairi ya theluji yakiwemo, na mfumo wa foo wili uliotengenezwa kwa ajili ya vilima vya Tohoku. Kilichobaki nyuma ni kitabu cha maelekezo, na hata kilipokuja kiliandikwa kwa Kijapani.

Matokeo yake yanaonekana kwa mafundi. Foo wili nyingi za magari madogo huunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa kopo la visahani vilivyozama katika mafuta mazito ya silikoni. Ya mbele yakiteleza na kuzunguka kasi kuliko ya nyuma, mafuta hayo hukaza na kupeleka nguvu nyuma. Mfumo huu unadai matairi yote manne yawe na kimo sawa. Lakini mtu wa kipato cha kawaida hununua tairi moja leo na jingine mwezi ujao, hili jipya, lile karibu kipara. Kopo linadhani gari linateleza kila siku, linachemka, linakufa. Fundi anaifungua propela shafti na kuiweka kando, mafuta yanapungua kidogo, mwenye gari anafurahi. Maandishi ya 4WD yanabaki mlangoni. Desemba familia inapanda milima ya Usambara kwa gari la magurudumu mawili linalojiita la manne, juu ya matairi ya baridi yaliyokwisha ladha.

Tunaambiwa kuwa hilo ni suala la mnunuzi kuwa makini. Sikubaliani. Mnunuzi anaweza kufundishwa kusoma tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Nawasihi wasomaji wangu wazisome. Lakini Wajapani hawakuondoa vumbi la misumari kwa kuwahimiza raia wavae barakoa, wala Tanzania na Zambia hazikuimaliza Jehanamu ya barabarani kwa semina za madereva. TBS ipo, polisi wa usalama barabarani wapo, na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama tumeuziwa. Tairi la msimu wa baridi linaweza kutambuliwa na karani yeyote aliyeonyeshwa alama mbili, bandarini au dukani, bila mashine. Kinachotakiwa ni tangazo la Kiswahili linalosema ni marufuku kuliuza kama tairi la kawaida, na mtu wa kulisimamia.

Kwa sasa safari ya tairi hilo haiishii kwenye gari. Likishakuwa kipara kabisa, mara nyingi huuzwa tena, bei ya kutupa, kwa watengeneza mikokoteni. Mvua ikinyesha Mtaa wa Msimbazi utaliona pale kati ya daladala na pikipiki, likibeba marobota ya vitenge au magunia ya mchele, na mbele yake kijana mmoja akivuta, nyuma wawili wakisukuma, vidole vya miguu vikitafuta pa kushika.