Celeron ya 1998 na kompyuta yetu moja

Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Ilifungwa izidishe mwendo wa madabodi mara 4.5 tu. Vijana wakaingia BIOS, wakapandisha mwendo huo kutoka megahezi 66 hadi 100. Ikakimbia 450! Lakini si zote ziliweza, nyingine ziligoma.

Sisi hapa kambini tuna kompyuta moja ya darasa, nasi tulitamani kuikimbiza. Tukakubaliana: kwanza tutoe vumbi kwenye feni, tupandishe kidogo kidogo, tupime joto kila hatua, volteji tusiiguse. Ikigoma, tunarudisha BIOS ilivyokuwa. Ikiungua, hatuna ya pili, na darasa limeisha.