Cheti cha Audrey Mbugua: mtu transjenda na jina lililo kwenye karatasi

Kila anayeishi katika makazi ya wakimbizi anajua uzito wa karatasi. Jina likikosewa herufi moja kwenye usajili, mgao unachelewa, mtoto anarudishwa kutoka shuleni, na kwenda ofisini kusahihisha kunakula siku nzima. Sasa fikiria karatasi ambayo jina na jinsia vilivyoandikwa havifanani kabisa na mtu aliyeishika. Watu wengi wanaoitwa transjenda huishi hivyo.

Transjenda ni mtu ambaye alipozaliwa aliandikwa kuwa wa kiume au wa kike, lakini yeye mwenyewe anajijua kuwa wa jinsia nyingine. Huyu si huntha. Huntha amezaliwa na maumbile yasiyo ya kiume kamili wala ya kike kamili. Kenya ilihesabu watu 1,524 wa hali hiyo katika sensa ya 2019. Wala si suala la nani anampenda nani, ambalo ni jambo jingine tena. Watu huyachanganya yote matatu. Wengine husema ni wazimu, lakini Shirika la Afya Duniani limeiondoa hali hii katika orodha ya magonjwa ya akili: uamuzi ulipitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022.

Kisa kinachojulikana zaidi katika eneo letu ni cha Audrey Mbugua wa Kenya. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume alilopewa na wazazi, akafaulu vizuri sana, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Maseno. Baadaye alibadili jina kisheria na kuishi kama mwanamke. Cheti chake cha shule kilibaki na jina la zamani. Amesimulia hadharani jinsi alivyokosa kazi: mwajiri anatazama cheti, anamtazama aliye mbele yake, na mazungumzo yanaishia hapo.

Aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya limbadilishie cheti. Halikukubali, akaenda Mahakama Kuu Nairobi. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliamuru baraza litoe cheti kipya chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsia. Hoja moja katika hukumu ilikuwa rahisi ajabu: kanuni za vyeti hazikulazimisha jinsia iandikwe. Alama za mtihani hupatikana kwa kujibu maswali, na kuondoa herufi moja inayotaja jinsia hakumpunguzii wala kumwongezea mtu gredi. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mahakama ilikuwa imeamuru pia lisajiliwe shirika la kutetea watu transjenda ambalo Audrey alikuwa mmoja wa viongozi wake, baada ya bodi ya mashirika kukataa kulisajili.

Kushtaki kulikuwa na gharama yake. Mwili wake, jina lake la utotoni na maisha yake viligeuka habari ya magazeti na mada ya vijiwe vya chai. Alijua hivyo, na hakuiondoa kesi.

Hukumu hiyo ilihusu cheti, na ilihusu Kenya. Nchi jirani zina sheria zao. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria kali dhidi ya mahusiano ya jinsia moja, na ingawa kuwa transjenda ni jambo tofauti, mtu huweza kushukiwa kwa mavazi yake tu. Ndiyo maana wengine hukimbia nchi zao, kisha hukuta hofu ileile kambini.

Kambini mambo huamuliwa kwenye foleni. Karani anaita jina la kiume, anasimama mtu aliyevaa gauni, na foleni nzima inaangua kicheko. Siku nyingine mtu huyo haji, na chakula chake kinapotea. Karani angeweza kuita nambari ya kadi. Kwenye bomba la maji ni vivyo hivyo: anayefukuzwa mchana hulazimika kuchota usiku, na usiku una hatari zake. Wengi wetu tuna dini, na hakuna anayeombwa kuiacha hapa; kumpisha jirani ajaze dumu lake hakuhitaji kwanza tukubaliane kuhusu maandiko. Kiswahili chenyewe kinatusaidia, kwa kuwa “yeye” ni yeye, awe mke au mume. Panapokuwa na “kaka” au “dada”, muulize mwenyewe anapenda kuitwaje.

Kwa anayeomba hifadhi: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humlinda pia anayeteswa kwa kuwa wa kundi fulani la kijamii, na mwongozo wa UNHCR wa 2012 unaeleza kwamba watu transjenda wanaweza kuingia humo. Unaweza kuomba kuhojiwa peke yako, bila familia. Unaweza kuomba mhojaji au mkalimani wa kike au wa kiume, na wote wanapaswa kutunza siri. Ukiona mkalimani ni mtu wa bloku yako au ndugu yako, sema kabla mahojiano hayajaanza.