Mawe ya Kilomita ya Voie Sacrée

Kando ya barabara itokayo Bar-le-Duc kwenda Verdun, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, yamesimikwa mawe ya kilomita yasiyofanana na ya barabara nyingine. Juu ya kila jiwe imewekwa sanamu ya kofia ya chuma ya askari wa Ufaransa, imezungushiwa taji la majani ya ushindi. Barabara hiyo ni Voie Sacrée, yaani Njia Takatifu, na mawe hayo ni kumbukumbu ya mwaka 1916, ilipobeba karibu uzito wote wa mapigano ya Verdun katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Wajerumani walianza kushambulia Verdun tarehe 21 Februari 1916. Mji ulikuwa na reli kubwa mbili, ila zote zilikuwa hazifai. Moja ilikatwa tangu 1914 adui alipoteka Saint-Mihiel, na ya pili, ipitayo Sainte-Menehould, ilikuwa ndani ya masafa ya mizinga yake. Kilichobaki ni kireli chembamba kiitwacho Meusien, kilichobebeshwa hasa chakula cha watu na cha farasi, pamoja na barabara ya kama kilomita 70 iliyokuwa imepanuliwa mwaka 1915 hadi kufikia mita saba. Malori mawili yaliweza kupishana, basi.

Aliyeisimamia kazi ya malori, Kapteni Aimé Doumenc, alitaka jambo moja: barabara iachiwe magari peke yake. Akakubaliwa. Askari wa miguu na mikokoteni ya farasi wakapita mashambani. Barabara ikagawanywa vipande sita, kila kimoja na wasimamizi na mafundi wake, kama reli inavyogawanywa. Kupita gari la mbele kulikatazwa. Lori likiharibika halikusubiriwa: lilisukumwa mtaroni papo hapo na msafara ukaendelea. Kwa wiki walipita askari wapatao 90,000 na tani 50,000 za zana, na kwa wastani lori moja lilipita kila baada ya sekunde 14, mchana na usiku.

Hatari kubwa zaidi ilitoka chini ya magurudumu. Mwishoni mwa Februari barafu iliyeyuka, na barabara yenyewe ilikuwa ya mawe laini ya chokaa. Malori yale, yenye matairi ya mpira mgumu yasiyojazwa upepo, yaliichimba ikawa tope. Kuifunga ili itengenezwe kungemaanisha kuipoteza Verdun. Wakaletwa askari wa akiba, watu wazima waliopita umri wa kupelekwa mstari wa mbele. Machimbo ya mawe yakafunguliwa jirani, nao wakajipanga ukingoni na makoleo. Lori likishapita, wanatupa kokoto kwenye shimo. Lori linalofuata linazishindilia. Magari yenyewe ndiyo yakawa mashine ya kusawazishia. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ushujaa wa barabara hii, na inasikitisha kwamba kofia iliyo juu ya mawe humfanya mpita njia amfikirie mpiganaji wa handaki kabla ya mzee aliyeshika koleo.

Katikati ya njia kuna kijiji cha Souilly. Jenerali Philippe Pétain aliweka makao yake katika ofisi ya meya hapo, na kutoka kwenye ngazi zake aliwatazama vijana wakipanda kwenda vitani, na waliosalimika wakirudi wamefunikwa tope. Alikuwa ameamuru vikosi vipokezane kwa zamu badala ya kuachwa mpaka viishe, na ndiyo maana sehemu kubwa ya jeshi la Ufaransa ilipita mbele ya ngazi zile.

Jina la Voie Sacrée lilitolewa na mwandishi Maurice Barrès mwaka huohuo wa 1916, akiikumbuka njia takatifu ya Roma ya kale. Mwaka 1922 waziri mkuu wa Ufaransa, Raymond Poincaré, alizindua jiwe la kwanza mjini Bar-le-Duc, na sheria ya Desemba 1923 ikaifanya barabara hiyo kuwa ya taifa. Karibu na Verdun, huko Nixéville-Blercourt, mnara wa kuwakumbuka watu wa usafirishaji ulizinduliwa mwaka 1967, zaidi ya miaka 50 baada ya kazi yao.

Mwaka 2006 barabara ilikabidhiwa kwa jimbo la Meuse na ikahitaji namba mpya. Ikapewa D1916.