Mbu wa Kano na homa ya viungo

Milimani, mtaa wa Kisumu uliokuwa wa Wazungu enzi za ukoloni, umekaa penye mwinuko. Chini yake ni mtaa wa Nyalenda, halafu matete ya kinamasi cha Dunga. Katika miji ya koloni, hofu ya malaria ilikuwa kisingizio kikubwa cha kuwatenga watu namna hiyo. Lakini mbu wa malaria alikuwa na mengine ambayo hakuna aliyemshuku nayo.

Mwaka 1959 homa mpya ilizuka kaskazini mwa Uganda. Magoti na viwiko viliuma, ngozi ikatoka vipele vya kuwasha. Waacholi waliiita o'nyong-nyong. Ikazunguka Ziwa Victoria, ikaingia Nyanza na Tanganyika, na hadi 1962 ilikuwa imewapata watu wapatao milioni 2. Haikujulikana kwa kuua, na huenda ndiyo sababu imesahaulika upesi.

Virusi vyake ni ndugu wa chikungunya, iliyogunduliwa Newala, kusini mwa Tanganyika, miaka michache kabla, na mgonjwa huwezi kumtofautisha kwa macho. Chikungunya huenezwa na mbu wa Aedes. Kumbe o'nyong-nyong ilikuwa na mbebaji wake.

Kumpata kulitaka subira. Watafiti wa virusi wa Entebbe, Uganda, walikusanya mbu, wakawachambua aina kwa aina, wakawasaga kwa mafungu na kuwadunga panya wachanga maji yake. Ukichanganya aina mbili katika fungu moja, hata panya akiugua hujui umlaumu nani. Kwa hiyo kazi yote ilisimama juu ya jicho la mchambuzi: Anopheles gambiae ana miguu yenye madoadoa, Anopheles funestus ni mdogo, mweusi, miguu haina doa. Virusi vikapatikana kwa hao wawili, walewale wa malaria. Sijui kama kuna virusi vingine vilivyoleta mlipuko mkubwa hivyo kwa kutegemea Anopheles.

Baada ya hapo kimya. Kisha mwaka 1978, katika uwanda wa Kano karibu na Kisumu, magharibi mwa Kenya, virusi vikatolewa tena ndani ya funestus. Mbu huyu hupenda maji ya kudumu yenye majani, na uwanda huo umejaa maji hayo. Hakukuwa na mlipuko wowote uliotangazwa; mbu ndiye aliyetoboa siri. Mwaka 1996 homa ikarudi kusini mwa Uganda.