Mafuta Haya Yamekaanga Nini?

Mtu akiniambia twende hotelini tukapate chai, sifikirii kitanda wala mapokezi. Nafikiria benchi la mbao, chupa ya chai, na kabati la kioo lenye mandazi, chapati, sambusa na mkate wa kukata. Karibu kila kilichomo ndani ya kabati lile ni ngano. Watu wengi hawalioni hilo, na hawana sababu ya kuliona. Mimi nalitazama kama mkaguzi wa afya, kwa sababu wanangu wawili, wa kike wa miaka saba na wa kiume wa miaka mitano, wana siliaki.

Miili yao haivumilii gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ikiingia tumboni, kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vile vijinyuzi vidogo vinavyofyonza chakula vinalala, na mtoto anakonda huku tumbo limevimba, hata kama anakula sahani nzima. Dawa hakuna. Tiba ni kutoila ngano, maisha yote.

Nyumbani tunaimudu: mchele, sembe, muhogo, ndizi, kunde. Kazi inaanza tukitoka. Na kadiri ninavyotoka nao ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ninayegombana naye si mhudumu wala mpishi. Ni historia ndefu ya jinsi ngano ilivyopata kiti cha heshima mezani, na jinsi ilivyochukua muda mrefu mtu kuithubutu kuishuku.

Jina la ugonjwa ni la Kigiriki, kutoka neno lenye maana ya tumbo, na tabibu Aretaeus wa Cappadocia aliuelezea zamani sana. Lakini maelezo ya kwanza ambayo daktari wa leo angeyatambua yalitolewa London, Oktoba 1887, na Samuel Gee, katika hotuba kwenye hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Gee alisema kwamba kama mgonjwa atapona, atapona kwa chakula. Alikuwa sahihi, ila hakujua ni chakula gani. Anamtaja mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Kiholanzi kila siku akanawiri vizuri mno, kisha msimu wa kome ukaisha na mtoto akarudi kuugua. Mwaka uliofuata hawakuweza kumshawishi ale tena. Huwa namfikiria mtoto huyo. Miezi michache alikula kitu kisicho na ngano, akapata nafuu, na hakuna mtu mezani aliyejua kwa nini.

Mwaka 1924, New York, daktari Sidney Haas akaja na ndizi. Alikuwa amesikia kwamba huko Puerto Rico watu wa mjini waliokula mkate waliugua tumbo, na wakulima waliokula ndizi hawakuugua. Akawapa watoto wake ndizi na kuwanyima mkate, biskuti, viazi na nafaka. Aliripoti watoto kumi: wanane walitibiwa hivyo wakapata nafuu, wawili ambao hawakutibiwa walikufa. Nilipomsimulia bibi yao mzaa mama, mwenyeji wa Bukoba, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwa hiyo Wazungu walihitaji daktari wa kuwaambia wale ndizi?" Lakini sifa zilikwenda kwa ndizi. Haas aliamini mtoto akishapona anaweza kuurudia mkate, na waliourudia walirudisha ugonjwa.

Aliyeigeuza hesabu hiyo ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Kiholanzi huko The Hague. Hadithi yake hupambwa, kana kwamba njaa ilimfunulia kila kitu kwa siku moja. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha yakaja majira ya baridi ya 1944 na 1945. Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi ya Uholanzi, watu wakala vitunguu vya maua ya tulipu, na zaidi ya 20,000 wakafa. Mkate ukatoweka, na katika wodi ya Dicke watoto wa siliaki hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuugua. Baada ya vita alipima kwa utaratibu, akiwapa na kuwanyima unga wa ngano, na mwaka 1950 akaweka matokeo katika tasnifu yake ya udaktari huko Utrecht. Mwaka 1952 watafiti wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba sehemu yenye madhara ndani ya ngano ni gluteni.

Mimi ni baba, sisomi habari hii kama mwanahistoria. Ninachokiona ni chakula cha msaada kinashushwa kutoka angani, mji mzima unashangilia mkate, na pembeni kuna watoto wachache ambao mkate huo ndio sumu yao.

Kwa kuwa utafiti ulifanyika Ulaya, siliaki iliingia vitabuni kama ugonjwa wa Ulaya. Daktari wa kwanza tuliyemwona aliniambia hivyo waziwazi: huu ni ugonjwa wa Wazungu, mpeni mtoto dawa ya minyoo. Alipewa, mara tatu. Baadaye sana nilijifunza kuhusu Wasaharawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi. Mwaka 1999 watafiti waliochunguza watoto wao walikuta zaidi ya watano katika kila mia wana siliaki, kiwango kikubwa kuliko kile cha Ulaya. Hao ni watu ambao wazee wao waliishi kwa maziwa ya ngamia na nyama, kisha ngano ikaja ikawa chakula cha kila siku, katika kambi za wakimbizi ikiletwa kama msaada.

Kwetu ngano ilikuja kwa njia nyingine. Pwani ilifahamiana na India kwa karne nyingi, lakini reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, ilileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India, na waliobaki walifungua maduka na vibanda vya chai. Lord Delamere alilima ngano Njoro, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga iliyoitwa Unga. Chai na kitafunwa vikashikana mkono. Hapa Tanzania, kuanzia miaka ya 1970, serikali kwa msaada wa Kanada ilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang, na Wabarabaig wakaondolewa kwenye malisho yao, hata sehemu yalipokuwa makaburi ya wazee wao, ili watu wa mjini wapate mkate. Ni gharama kubwa kwa kipande cha mkate, na hata hivyo leo sehemu kubwa ya ngano yetu inatoka nje.

Hivyo ndivyo chapati ilivyokuwa chakula cha Idi na Krismasi, cha mgeni, cha mtu aliyepata mshahara. Mtoto akiikataa mbele ya watu, anaonekana analeta maringo. Nimeambiwa na mhudumu, kwa upole kabisa, "Baba, mwache ale kidogo tu, hataumwa."

Kidogo tu ndiyo tatizo. Viwango vya kimataifa vinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na miligramu zisizozidi 20 kwa kila kilo. Kwa jikoni, hiyo ina maana kisu kilichokata mkate kinatosha kuharibu. Tulikwenda mgahawa mmoja wa gharama hapa mjini, wenye bembea za watoto na menyu ya kurasa nane. Niliuliza kuhusu chipsi. Mhudumu akatabasamu: viazi vitupu, hamna ngano. Viazi vilikuwa vitupu kweli, ila vilikaangwa ndani ya mafuta yaleyale ya kuku waliopakwa unga wa ngano. Mwanangu alitapika usiku kucha. Sikumlaumu sana yule kijana. Yeye anabeba sahani. Hajui kilichotokea nyuma ya mlango.

Ndiyo maana siku hizi, tukitaka kula nje, tunakwenda kwa mama lishe. Watu hushangaa, kwa sababu mtu mwenye mtoto mgonjwa hutegemewa akimbilie penye vigae na feni. Lakini mama lishe amenunua kila kitu mwenyewe asubuhi, anapika mbele ya macho yangu, na chakula chake kikuu ni kile kilichokuwepo kabla ya kabati la kioo: wali, ugali, maharage, mchicha wa nazi, mihogo, mtori. Hata vitumbua ni vya mchele, ingawa nauliza, maana wapo wanaoongeza ngano vishikane. Bhajia za dengu nazo ni salama kwenye unga, si kwenye mafuta.

Tunayemwendea yuko Sinza, chini ya mwarobaini. Mara ya kwanza nilimwamkia, nikamuuliza mafuta yale yamekaanga nini.

"Samaki tu. Andazi lina karai lake lile pale. Kwani una mzio?"

"Wanangu, mama. Ngano inawaumiza."

"Na upawa je?" akauliza yeye. Mimi nilikuwa sijafika kwenye upawa. Akaosha mmoja, akawapakulia kutoka chungu ambacho hakijaguswa, akawasukuma wanafunzi wawili benchini ili wanangu wakae.

Sasa ana kikaango kidogo alichokifunga uzi mwekundu kwenye mpini, na hakiwekwi andazi. Ananiongezea shilingi mia mbili kwa sahani kwa ajili ya usumbufu, na ninalipa bila kubisha. Binti yangu ameanza kuuliza mwenyewe. Wiki iliyopita alimwamkia, akachungulia karai, akauliza kama samaki wamepakwa unga.

"Wa mchele," akajibiwa. "Kaa, mjukuu wangu, wanapoa."